Kaushio la sola la kabati: maoni yangu baada ya msimu wa embe

Huku Mkuranga embe zinaiva karibu zote kwa pamoja, kuanzia Novemba. Dalali anakuja na bei yake mfukoni, ukikataa zinaozea chini ya mwembe, na inaniuma sana kuona hivyo. Ndiyo maana niliagiza kaushio la sola kwa fundi mmoja wa hapa Pwani, lile la kabati. Chini kuna boksi la bati lililopakwa rangi nyeusi, hewa inaingia hapo, inapata moto, inapanda kwenye trei na kutokea kwenye bomba la juu. Halina feni wala betri.

Kwenye mboga nalisifu bila kusita. Matembele na majani ya kunde nayachovya dakika mbili tatu kwenye maji yanayochemka, nayachuja, kisha nayatandaza. Jua haliyapigi moja kwa moja, kwa hiyo yanatoka ya kijani. Yale ya kuanika juu ya bati yanababuka, na jua hilohilo linakula vitamini A. Hapo sijataja vumbi, nzi na kuku.

Embe zinataka mkono. Nachagua zilizoiva lakini bado ngumu, nakata vipande vya milimita 5 hadi 8. Jua likiwaka vizuri, siku mbili zinatosha. Kipande kilichokauka sawasawa hukunjika bila kukatika, na ukikiminya vidole vinabaki vikavu. Kilo 10 za embe nzima, ukiondoa ganda na kokwa, zinakupa kilo moja na ushee.

Sasa kasoro. Fundi aliweka wavu wa chuma, asidi ya embe ikautia kutu mapema. Kubwa zaidi ni joto: mchana wa jua kali trei ya chini ilipita nyuzi 70, wakati embe zinataka 50 hadi 60. Ikizidi hapo nje panakuwa pagumu, maji yanabaki ndani, na baadaye pakiti inaota ukungu. Ilibidi mlango wa hewa upanuliwe. Tena embe zetu zinaangukia msimu wa vuli. Wingu likitanda siku nzima kaushio linalala, na usiku lazima uzibe matundu yote maana hewa ya pwani ina unyevu.

Kwa matumizi ya nyumbani na biashara ndogo, nunua. Kikundi chenye mzigo mkubwa kitafute la handaki, yaani lile refu la kulala lililofunikwa kwa plastiki, aina iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani. Feni yake inaendeshwa na paneli ya sola, hivyo jua likizidi na hewa inazidi, joto halipandi ovyo.

Ukimpa fundi oda, mwambie mapema: wavu wa plastiki unaofaa kwa chakula, mlango wa hewa unaofungwa na kufunguka, na bomba refu lenye kofia ya kuzuia mvua. Kipimajoto nunua mwenyewe, ukiweke trei ya chini.