Paneli za paa: kabla ya kuuliza unene, uliza ukingo

Asubuhi moja nilikuta vipunje vyeupe juu ya mkeka wa kibarazani, vidogo kama chumvi ya mawe. Nikafagia. Kesho yake vikawapo tena, palepale, chini ya gata. Nilipochoka kufagia nikaegemeza ngazi nikapanda: sisimizi, msafara mzima, wanaingia na kutoka ndani ya paa ambalo halijamaliza mwaka. Kila aliyetoka alibeba punje ya povu, anaidondosha, anarudi kuchimba.

Muuzaji nilipompigia alisema wadudu hawamo kwenye dhamana. Fundi akasema silikoni itamaliza kazi. Silikoni ikapakwa, sisimizi wakatoboa hatua mbili pembeni.

Na paneli zenyewe hazikuwa mbaya. Bati juu, bati chini, povu jeupe katikati, milimita 75. Joto la kibarazani lilishuka kweli, na bati la chini jeupe lilinitoshea kuwa dari. Kosa lilikuwa moja tu. Fundi alizikata kwa urefu, akafunga gata, akaondoka, na povu likabaki wazi upande wote wa mbele, kama mkate uliokatwa ukaachwa mezani. Hakuna aliyeniambia kwamba panapaswa kufunikwa. Nami sikujua kuuliza.

Basi mwongozo huu hautahusu rangi wala idadi ya migongo ya bati. Unene nao nitaupitia haraka, maana ndio kila muuzaji anaouimba. Povu la PIR, lile la manjano linalowekwa kwenye paneli nyingi za kiwandani, hupitisha joto kwa kiasi cha 0.022 hivi kwa kipimo cha wati kwa mita kwa digrii. Povu jeupe la vipunje, EPS, ni kama 0.038. Piga hesabu: PIR ya milimita 50 inafanya kazi ya EPS ya milimita 85 au zaidi kidogo. Anayekulinganishia paneli mbili kwa unene bila kutaja kilichomo ndani, mwache aongee na ukuta.

Sasa ukingo.

Tunadhani maji yakifika mwisho wa bati yanadondoka. Hayadondoki yote. Mengine hushika ukingo, hugeuka, na kurudi nyuma chini ya bati, hasa paa likiwa na mteremko mdogo kama vibaraza vingi vilivyo. Yakirudi nyuma yanakutana na povu. Kwenye EPS yanapenya kati ya punje na punje, yanafika kwenye gundi. Na gundi hiyo ndiyo paa lenyewe: paneli ina nguvu kwa sababu bati mbili na povu vimeshikana na kubeba mzigo pamoja. Bati la chini likiachana na povu, hata kwa kipande, kilichobaki pale ni bati jembamba na sponji. Kwenye PIR jua ndilo linaloanza. Povu lililo wazi hugeuka kahawia na kuwa unga unaotoka kwa kidole. Kwenye pamba ya mawe, zile nyuzi zinazojazwa badala ya povu, maji hunyonywa, paneli inakuwa nzito, na kutu huanza kwa ndani usikoona. Halafu waje sisimizi, nyigu na panya, kila mmoja kwa zamu yake.

Dawa yake ipo na ni ya zamani. Upande wa gata, povu na bati la chini hukatwa nyuma sentimita kadhaa, bati la juu peke yake litokeze juu ya gata. Mdomo wa bati hilo hukunjwa chini kidogo ili maji yaachie. Uso wa povu uliobaki hufunikwa kwa kipande cha bati kilichokunjwa, kikafungwa kwa skrubu na kuzibwa kwa silikoni. Pembeni vilevile. Upande wa juu, kwenye ukuta au kilele, nafasi zilizo kati ya migongo huzibwa kwa vizibo vya povu vyenye umbo la bati lenyewe. Hilo la vizibo mafundi wengi hulisahau, na ndiko popo wanakoingilia.

Ukato huo wa nyuma uombe ufanyike kiwandani. Fundi anayeukata juu ya paa kwa grainda anakuachia tatizo la pili: cheche za chuma huanguka juu ya rangi, zinanasa, na baada ya mvua chache unaona vidoa vya kutu kama madoadoa ya ndizi. Bati lenyewe nalo huungua ukingoni na kupoteza zinki inayolikinga. Msumeno wa mviringo wenye meno ya kukatia chuma, au kikatia bati cha kutafuna, ndicho kifaa chake. Na takataka zifagiliwe siku hiyohiyo.

Jambo moja ambalo sijaliona kwenye karatasi yoyote ya mauzo: paneli yenye ukato wa kiwandani ina kushoto na kulia. Upande mmoja wa paneli hupanda juu ya jirani yake, na upandaji huo unatakiwa uupe mgongo upepo wa mvua. Kwa hiyo lazima useme mapema utaanza kutandaza kutoka upande gani. Ukikosea, ukato unaangukia mwisho usiotakiwa, na paneli ya mita sita haigeuzwi kama godoro.

Kwa msingi huo, huu ndio mpangilio wangu.

Wa kwanza, na sifichi mapenzi, ni KS1000 RW ya kampuni ya Kingspan, paneli ya migongo yenye upana wa kufunika wa mita moja. Toleo lake lenye povu liitwalo QuadCore hupitisha joto kwa 0.018, kwa kipimo kilekile cha juu, na inakubali mteremko wa kuanzia digrii 4, kwa hiyo inafaa nyumba na inafaa kibaraza. Lakini ninachoipendea ni kwamba ukato wa nyuma, mabati ya ukingo na vizibo ni sehemu ya mfumo, vimechorwa kabisa, si jambo la fundi kubuni akiwa juu ya ngazi. Najua kuna atakayenikumbusha jengo la Grenfell lililoungua, na ana haki. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi wa moto ule wa London, iliyotoka Septemba 2024, iliilaumu vikali kampuni hii kwa namna ilivyouza K15, ubao wake wa kuta, kwa majengo marefu. Ubao ule si paneli hii. Hata hivyo tangu nisome habari hizo siamini broshua ya mtu yeyote, Kingspan ikiwamo. Omba cheti cha moto cha paneli unayonunua, chenye unene na aina yake, kwa kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13501-1. Si cheti cha "familia ya bidhaa".

Wa pili ni paneli ya pamba ya mawe. Hii haishiki moto. Kwa kipimo hicho hicho cha moto, daraja la A2-s1,d0 ndilo la kawaida yake: karibu haichangii moto, moshi ni kidogo, na haidondoshi matone yanayowaka. Kama paa lako limekaribiana na la jirani, au chini yake kuna jiko la kuchomea, ipandishe iwe ya kwanza na usinisikilize mimi na mapenzi yangu. Kelele za mvua pia inazimeza kuliko povu. Ila ni nzito, kenchi zihesabiwe upya, na ukingo wake usiposhughulikiwa vizuri ndio unaoumia kuliko wote.

Wa tatu ni EPS, ile yangu ya sisimizi. Nyepesi, rahisi kubeba, na kwa kibaraza kilicho wazi pande tatu inatosha kama kingo zote zimefungwa. Usichukue rangi nyeusi wala kijivu cha makaa. Povu hili halitaki joto la kudumu linalopita digrii 80 hivi, na bati jeusi kwenye jua kali laweza kupita 70. Hapo unacheza karibu na shimo.

Bati la kawaida lenye sponji nyembamba na foili chini yake: banda la gari. Tumalize.

Sasa wauzaji. Nimepewa nukuu ya bei yenye unene uliopimwa juu ya mgongo badala ya bondeni, kwa hiyo paneli ya "80" ilikuwa ya 45. Nimeuziwa upana wote wa bati wakati sehemu yake hufichwa chini ya jirani, nikapungukiwa paneli moja siku ya kutandaza. Na karibu kila nukuu huandika paneli kwa herufi kubwa, kisha mabati ya ukingo, vizibo, skrubu na silikoni vinakuja baadaye kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake, wakati tayari paa la zamani limeng'olewa na mawingu yanakusanyika. Ukiuliza wanakwambia "hivyo ni vya ziada". Ziada kwa nani? Shati halina vifungo vya ziada.

Safari hii niliwapigia wanne, nikawauliza swali lilelile: mnauza na ukato wa kiwandani? Wa kwanza alisema fundi wangu atajua. Wa pili akaniuliza ukato ni nini. Wa tatu alisema ndiyo, nikamuuliza wa kushoto au wa kulia, akacheka: "Paneli haina kushoto wala kulia, mama." Wa nne hakujibu. Aliuliza mvua kwetu hupiga kutokea upande gani. Huyo nimemwagizia.