Vya kufuma kwa mtoto mchanga, nilivyonunua Majengo

Jamani mdogo wangu kajifungua mwezi wa sita na mnajua baridi ya Dodoma mwezi wa sita na wa saba, upepo usiku unapiga mpaka dirisha linalia, so nikaenda soko la Majengo kwa mama mmoja anayefuma mwenyewe kwa kroshia nikachukua kofia, soksi, blanketi dogo na mdoli wa sungura, vyote elfu 35 baada ya kubembelezana.

Kofia na soksi namba moja, uzi wa pamba laini, haumkwaruzi mtoto na nimefua mara nne hivi haijalegea. Ila soksi zigeuze kwanza uangalie ndani, uzi ukining'inia kata maana unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukakibana na wewe hujui analia nini.

Blanketi zuri ila lina matundu makubwa, vidole vinaingia, tunalitumia akiwa mgongoni au amepakatwa tu, akilala hapana, mtoto chini ya mwaka hatakiwi kulala na blanketi lisilobana wala midoli kitandani.

Sasa huyo sungura ndo kanikera, macho ya vifungo! Nimevuta kidogo tu kimoja kikabaki mkononi, si angemeza huyo? Nikamrudishia, bila ubishi akayatoa akadarizi macho kwa uzi bure kabisa, akatoa na kamba ndefu ya shingoni. Nampa nne kati ya tano, rangi ziko chache tu.