Orodha ya WHO ya Usalama wa Upasuaji: uzoefu wangu katika thieta za Dar

Ninachokipitia hapa ni karatasi moja ya A4, ya bure: Orodha ya Usalama wa Upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Juni 2008. Ina vipengele 19 katika vituo vitatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka thieta, yaani chumba cha upasuaji. Nimeitumia katika hospitali za Dar es Salaam, za serikali na za binafsi. Naiona bora kuliko mashine nyingi tunazonunua kwa mamilioni, lakini inafanya kazi ikisomwa kwa sauti tu. Ikijazwa kimyakimya ni hatari, kwa sababu inamwonyesha mkuu wa hospitali usalama ambao haupo.

Wapo wanaodai kuwa ni karatasi ya hospitali za kitajiri. Si kweli. Utafiti uliochapishwa Januari 2009 ulifanyika katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, na mojawapo ilikuwa Ifakara, Morogoro. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Mwaka 2014 ukatoka utafiti wa Ontario, Kanada, katika hospitali 101, na humo vifo havikupungua kwa kiwango cha maana, ingawa hospitali zenyewe ziliripoti kuitumia orodha karibu kila mara. Mimi nazisoma tafiti hizi mbili kwa pamoja. Amri kutoka juu na ripoti ya kujisifu huzaa karatasi zilizojaa. Kinachookoa mgonjwa ni watu kusimama, kusikilizana na kujibu.

Kituo cha kwanza ndicho kinachohitaji uangalifu kuliko vyote. Hapa Dar hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Novemba 2007 wagonjwa wawili waliokuwa na jina moja la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Ndiyo maana nasisitiza namna ya kuuliza. Usimwambie mgonjwa, "Wewe ndiye Juma, eti?" Mtu aliyelala kwenye kitanda cha magurudumu, ana hofu na anamheshimu daktari, ataitikia "ndiyo" hata ukimwita jina la jirani yake. Muulize: "Jina lako kamili, matatu, ni nani? Umekuja kufanyiwa nini? Nionyeshe kwa kidole ni wapi." Kisha linganisha majibu na faili, namba ya faili na mkanda wa mkononi. Namba ya kitanda si kitambulisho. Vitanda huhamishwa asubuhi hiyohiyo. Wakiwapo wawili wenye majina yanayofanana kwenye ratiba ya siku moja, mafaili yao yawekewe alama ya rangi tangu wodini, na ikiwezekana wapangiwe thieta tofauti.

Alama ya mahali pa kupasua iwekwe na daktari atakayepasua, mgonjwa akiwa macho. Tumia kalamu ya wino usiofutika. Wino wa kalamu ya kawaida huondoka na ayodini, dawa ya kusafishia ngozi, na hapo alama inapotea dakika ileile inapohitajika. Chora mshale, au andika herufi za jina la daktari. Usichore alama ya X, maana mmoja ataisoma "hapa" na mwingine ataisoma "si hapa".

Ridhaa ni sehemu tu ya kisanduku kimoja, lakini ndiyo inayobeba maadili yote ya karatasi hii. Makosa ninayoyakuta ni yaleyale. Fomu iko kwa Kiingereza na mgonjwa hakisomi. Fomu imesainiwa na mume au shemeji wakati mama mwenyewe ni mtu mzima, ana akili timamu na anaongea. Au dole gumba limewekwa mlangoni mwa thieta, mgonjwa akiwa ameshapewa dawa ya kumtuliza. Hizo zote si ridhaa. Anayepaswa kueleza ni daktari anayeujua upasuaji huo: kitakachofanyika, madhara yanayoweza kutokea, njia nyingine iliyopo, na nini kitatokea mgonjwa akikataa. Muuguzi anashuhudia, asigeuzwe kuwa mwelezaji kwa sababu daktari ana haraka. Dharura ya kuokoa maisha ya mtu asiye na fahamu ni jambo lingine, na iandikwe kwenye faili hivyo hivyo: dharura, saa ngapi, nani aliamua.

Kipima oksijeni cha kidoleni kiwe kimeshafungwa na kinasoma kabla ya dawa ya usingizi. "Kipo kabatini" si jibu. Kwa wanawake wetu angalia piko na rangi ya kucha: rangi nyeusi nzito inaweza kuvuruga mwanga wa kifaa, na mara nyingi miguu nayo ina piko, hivyo hamishia kwenye ndewe ya sikio kwa kibanio chake. Pia jua kwamba kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, kwa hiyo namba iliyo mpakani isimpe mtu utulivu. Kwa hospitali ndogo zinazolalamikia bei, Lifebox, shirika la misaada lililoanzishwa 2011, lilizaliwa kwa ajili ya tatizo hilohilo.

Swali la damu nalo hujibiwa kizembe. Orodha inauliza kama mgonjwa anaweza kupoteza zaidi ya mililita 500, au mililita 7 kwa kila kilo kwa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni mililita 70 tu. Jibu likiwa ndiyo, pawe na njia mbili za mshipa na maji ya dripu tayari, na damu iwe imeshapimwa na kulinganishwa na ya mgonjwa, ipo kwenye jokofu la jengo hilohilo. "Ndugu wameenda kuchangia" haimaanishi kwamba damu ipo. Kati ya Mbagala na benki ya damu kuna foleni, na mji wote unaijua.

Kituo cha pili hutumia dakika moja hadi mbili. Kila mtu anataja jina na kazi yake, mwanafunzi pia. Wengi huliona jambo hili kama maigizo, hasa timu inayofahamiana. Mimi nalitetea kwa nguvu. Muuguzi mgeni aliyekwisha kusikika mara moja humwambia daktari bingwa kwa urahisi zaidi, "Dokta, samahani, picha inaonyesha upande wa kushoto." Asiyeitwa jina asubuhi nzima hukaa kimya.

Antibayotiki ya kinga iwe imetolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kukata. Mwongozo wa WHO wa 2016 unaruhusu hadi dakika 120, kutegemea muda dawa inavyokaa mwilini. Kosa la kwetu linajulikana: dozi inachomwa wodini saa 1 asubuhi, ratiba inasogea kwa sababu umeme umekatika au shuka hazijatoka kwenye mashine ya kusafishia, mgonjwa anaingia saa 6. Kisanduku kinawekewa tiki kwa kuwa dawa "ilitolewa". Peleka dozi thieta pamoja na mgonjwa, aitoe mtaalamu wa usingizi, na saa iandikwe. Baada ya upasuaji usiokuwa na maambukizi, kuendelea kuchoma siku 5 "kwa usalama" hakuongezi usalama. Kunaongeza usugu wa vijidudu na bili ya familia.

Muuguzi naye aseme kwa sauti kuwa kiashiria cha utakasaji (kuua vijidudu) ndani ya seti ya vifaa kimebadilika rangi. Utepe wa nje ya kifurushi unaonyesha tu kwamba kimepita kwenye mashine, hauthibitishi kuwa joto na mvuke vilifika ndani.

Kituo cha tatu ndicho kinachorukwa kuliko vyote, maana daktari ameshavua glavu na mgonjwa anayefuata yuko mlangoni. Hapa ndipo gozi, kitambaa chepesi cha kufyonza damu, husahauliwa tumboni. Hesabu ifanywe na watu wawili, kwa sauti, mara tatu: kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo, kabla ya kufunga ngozi. Iandikwe ubaoni, si kwenye kiganja cha glavu. Gozi na vitambaa vya tumbo viwe na uzi unaoonekana kwenye eksirei, na kitambaa kisikatwe vipande viwili hata kama vimepungua. Hesabu ikigoma: simamisha kufunga, hesabu upya, tafuta kwenye ndoo, kwenye shuka na sakafuni, kisha piga eksirei kabla mgonjwa hajaamka. Kwenye upasuaji wa dharura wa uzazi usiku, hesabu ya mwanzo huachwa kwa haraka, kwa hiyo seti ziwe na idadi maalumu tangu zinapofungwa. Kinyama kinachokwenda maabara kiandikwe jina kamili na namba ya faili kwenye chupa yenyewe. Vifuniko hubadilishana.

Kwa menejimenti, ninachopinga ni kupima kazi kwa kuhesabu karatasi zilizo kwenye mafaili. Utapata asilimia 100 na hutajua lolote, kwa sababu tiki nyingi huwekwa wodini kabla, au ofisini baada. Tiki ya namna hiyo ni taarifa ya uongo kuhusu mtu aliyelala na asiyeweza kujitetea, na iitwe hivyo kwenye vikao. Mtume mtu akaangalie pasuaji 10 kwa mwezi bila kutangaza, aandike mambo matatu tu: nani alikuwepo, nani alisimama kusikiliza, swali gani halikuulizwa. Na muuguzi aliyesimamisha upasuaji kwa shaka iliyokuja kuonekana si kitu asisemwe. Akifokewa mara moja mbele ya wenzake, hatasimamisha tena, wala wao.

WHO wenyewe wanaruhusu kuibadilisha orodha ifae mahali. Ninashauri maswali ya kituo cha kwanza yaandikwe kwa Kiswahili, mstari wa kukagua oksijeni na jenereta uongezwe, na pasiondolewe kitu. Kipo kipengele kimoja ambacho wakubwa ndio wanaopaswa kukijibu, cha hitilafu za vifaa. Kiwe na daftari lake, jina la fundi na tarehe ya kutengenezwa. Mashine ya kufyonza ikiandikwa mbovu Jumatatu na Jumatatu inayofuata bado ni mbovu, wauguzi wataacha kuandika, na hawatakuwa wao wenye kosa.