Nagant M1895: Rivolva ya risasi saba na kifyatulio cha kutoa jasho

Habari zenu wadau, karibuni tena. Kabla sijasema lolote, tazameni: nafungua kilango hiki cha pembeni, nazungusha silinda, hili pipa dogo la kuwekea risasi, taratibu... matundu yote matupu. Haya, sasa tuongee.

Mmeyahesabu? Ni saba. Rivolva za makauboi mlizozoea kwenye sinema huwa na sita. Hii ni Nagant ya mwaka 1895, kazi ya Léon Nagant, fundi wa silaha wa Liège, Ubelgiji. Aliyeichangamkia ni jeshi la Urusi, ambalo wakati huo lilikuwa na Smith & Wesson za Kimarekani, midude mizito kwelikweli. Kipenyo cha mtutu ni milimita 7.62, sawa na cha bunduki yao ya Mosin, kwa hiyo kiwanda hakikuhitaji kuanza upya kila kitu. Kuanzia mwaka 1898 wakawa wanaitengeneza wenyewe huko Tula, mji uleule unaosifika kwa samova, yale mabirika yao makubwa ya chai. Yangu hii ina muhuri wa nyota ya Tula na mwaka 1931. Jina lilienea mpaka leo Mrusi akisema "nagan" anaweza kuwa anamaanisha rivolva yoyote ile, kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Colgate.

Sasa sogeeni karibu, maana utamu uko hapa. Nina risiti ya dukani. Naipitisha kati ya silinda na mtutu: inapita bila shida. Kila rivolva ina kiupenyo hiki, la sivyo silinda isingezunguka. Ukifyatua, moshi na moto kidogo huchomokea hapo ubavuni. Sasa nakoki nyundo, yaani navuta nyuma kwa dole gumba hiki kinachogonga risasi... mmeona? Silinda imezunguka, halafu ikasogea mbele! Risiti imebanwa, haivutiki.

Na risasi yake nayo ni ya ajabu. Kichwa hakionekani, kimezama chote ndani ya ganda, utadhani mtu kasahau kukiweka. Mdomo wa ganda umebanwa kidogo. Silinda ikisogea mbele, mdomo huo unaingia nyuma ya mtutu, na baruti ikilipuka unatanuka na kuziba. Wazo la kuziba hivyo Henri Pieper, naye wa Liège, alikuwa amelitangulia, lakini aliyelipeleka jeshini ni Nagant. Ndiyo maana kiwambo cha kuzuia sauti, ambacho kwenye rivolva za kawaida hakisaidii kitu kwa kuwa kelele inatokea ubavuni, kwenye hii kinafanya kazi. Wasovieti walikuwa na chao, kiliitwa Bramit.

Lakini jamani, gharama yake! Kusukuma silinda lote lile mbele ni kazi ya kidole chako. Ngoja nivute bila kukoki... aaah! Mkono unatetemeka, mnauona? Hapo shabaha imeshahamia kwa jirani. Enzi za Tsar, mfalme wa Urusi, maofisa walipewa ya kuvuta moja kwa moja, askari wa kawaida wakapewa ya kukoki kila risasi. Cheo mpaka kwenye kifyatulio! Ila kwa uzito huu, sina hakika ofisa ndiye aliyependelewa.

Kujaza ndiyo usiseme. Risasi moja moja kupitia kilango. Kutoa maganda, unachomoa kijiti kilichofichwa mbele katikati ya silinda, unakigeuza pembeni, unasukuma ganda moja, unazungusha, unasukuma la pili, mpaka saba. Smith & Wesson ile waliyoiacha ilikuwa inakunjuka na kutema maganda yote kwa mkupuo!

Kwa hiyo, tatizo la upenyo lilimsumbua nani hasa? Rivolva zenye upenyo ziliendelea kuuzwa dunia nzima na hakuna aliyelalamika sana. Nagant alitibu mafua kwa upasuaji. Lakini upasuaji wenyewe ni safi, na mimi jioni nikitoka kazini huitoa, nikahakikisha tupu, nikakoki, nikatazama silinda likisogea zile milimita chache. Klak. Hebu tuirudie polepole mwone tena.