Uzoefu wangu: Tiba ya baridi kali ya mwili mzima

Kabla ya kulipia tiba hii, uliza kwanza baridi yenyewe inatokana na nini, kwa sababu mashine za namna mbili huuzwa kwa jina moja. Ya kwanza ni chumba unachoingia mwili mzima pamoja na kichwa, ambamo hewa ya kupumua imepozwa hadi nyuzi 110 chini ya sifuri au zaidi. Ya pili ni kibanda kinachoacha kichwa nje na kupozwa kwa mvuke wa naitrojeni, gesi isiyo na harufu ambayo huiondoa oksijeni bila mtu kuhisi lolote. Mwaka 2015, katika jimbo la Nevada nchini Marekani, mfanyakazi wa kituo kimoja aliingia peke yake katika kibanda cha namna hiyo baada ya saa za kazi, akafa kwa kukosa hewa. Mimi nilichagua chumba.

Ninaishi Wrocław, Poland, ambako tiba hii si anasa ya wanamichezo tu, kwani hata wazee wenye baridi yabisi huandikiwa na daktari. Nilipimwa shinikizo la damu, kisha nikajaza fomu iliyouliza kuhusu moyo, mzio wa baridi na vidole vinavyobadilika rangi kwa baridi. Haikuuliza kuhusu selimundu, swali ambalo kwetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki lingepaswa kutangulia, maana baridi huweza kuamsha maumivu makali kwa mwenye ugonjwa huo. Usisubiri uulizwe.

Mhudumu alinirudisha nikafute mafuta niliyojipaka asubuhi, nami sikumlaumu, maana ngozi isiyo safi na kavu huweza kuungua kwa baridi: mwanariadha Justin Gatlin alifika kwenye mashindano ya dunia ya Daegu mwaka 2011 akiwa na vidonda miguuni, baada ya kuingia katika chumba cha baridi na soksi zenye unyevu. Nilivaa bukta, glavu, barakoa, kitambaa cha masikio na viatu vya mbao, nikapita chumba cha nyuzi 60 chini ya sifuri kwa sekunde chache, kisha kile chenyewe, kwa muda usiozidi dakika tatu. Hewa kavu isiyo na upepo huvumilika kuliko maji ya barafu, ingawa mapaja yalichoma kweli kweli. Mhudumu alinitazama kupitia kioo muda wote.

Goti langu, ambalo maumivu yake ndiyo yaliyonipeleka huko, lilikuwa jepesi kwa saa kadhaa, na kesho yake maumivu yakarudi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilieleza mwaka 2016 kwamba haijaidhinisha mashine yoyote ya namna hii kutibu ugonjwa, kwa hiyo tangazo linaloahidi kuponya au kupunguza unene lipuuze. Daktari Toshima Yamauchi, aliyeanzisha tiba hii Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, aliwalenga wagonjwa wa baridi yabisi, na hapa kituoni kila anayetoka chumbani hupelekwa moja kwa moja kwenye mazoezi ya viungo. Nitaendelea kwenda kwa sababu hiyo, kwani nafuu ile fupi huniwezesha kulikunja goti vizuri zaidi. Kwa asiye na mazoezi ya kufanya baadaye, sioni analolipia.