1917: filamu ya vita ya kutazamwa usiku mmoja, bila kusimamisha

Kati ya filamu za vita zinazopendwa, 1917 ya Sam Mendes ndiyo inayoharibika upesi ikitazamwa ovyo. Kila rimoti inapoguswa kwa sababu mtu anatafuta chaja au mtoto kaitwa kuoga, kinachopotea ni kile kile ambacho watengenezaji walihangaikia. Ina dakika 119. Kwa nyumba yenye watu wa shule na wa kazini, ianze saa 2 usiku vyombo vikishaoshwa. Saa 4 imekwisha. Ijumaa inafaa kuliko siku nyingine, maana kijana atataka kuizungumzia kabla ya kulala, na hakuna wa kumharakisha.

Kisa kinaelezeka haraka. Ni Aprili 6, 1917, kaskazini mwa Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani wamerudi nyuma hadi kwenye ngome zao mpya za Hindenburg, na kamanda mmoja wa Kiingereza anadhani wamekimbia, kwa hiyo amepanga kuwashambulia alfajiri. Ni mtego. Simu zimekatwa, ndipo wanatumwa askari wawili kwa miguu, Schofield (George MacKay) na Blake (Dean-Charles Chapman), wapeleke amri ya kusitisha. Watu 1,600 wako hatarini, na mmoja wao ni kaka yake Blake.

Filamu nzima inaonekana kama shoti moja, yaani picha iliyopigwa mfululizo bila kukatwa. Kwa kweli ni vipande virefu vilivyounganishwa kwa ustadi: kamera inapita nyuma ya kitu, inaingia gizani, au mtu anakatiza mbele ya lenzi, na hapo ndipo kiungo kilipo. Mkato mmoja tu hawakuuficha, Schofield anapopoteza fahamu na kioo kuwa cheusi, karibu na katikati. Kama ni lazima kusimama kwa ajili ya maji au msalani, simameni hapo.

Kwa kuwa hakuna kukata, kosa la dakika ya mwisho lilirudisha kipande kizima mwanzo. Urefu wa mahandaki nao ulifuata maneno: waigizaji walitembea uwanjani wakisema sentensi zao, ikapimwa walipofikia, ndipo yakachimbwa. Mpiga picha Roger Deakins alisubiri mawingu, kwani jua likichomoza kipande kimoja kisingefanana na kinachofuata. Ushahidi wa kazi hiyo uko mapema, askari hao wanapovuka uwanja ulio kati ya majeshi mawili. Schofield anachanika kiganja kwenye seng'enge. Muda mfupi baadaye anateleza, na kiganja kile kile kinazama ndani ya maiti. Kamera haigeuki pembeni, na mtazamaji hapewi nafasi ya kupumua. Tuzo ya Oscar ya upigaji picha ilistahili kabisa.

Sasa runinga yenyewe. Zimeni kipengele cha kulainisha mwendo. Samsung hukiita Auto Motion Plus (kwenye runinga mpya, Picture Clarity), LG TruMotion, Sony Motionflow. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, na kipengele hicho hubuni picha za ziada katikati, hadi mahandaki yanaonekana kama tamthilia ya studio. Zimeni pia hali ya kuokoa umeme, kwa sababu hupunguza mwangaza, na sehemu ya usiku katika mji ulioungua huangazwa na moto na fataki za angani tu. Mkitazama kwa intaneti, pakueni mapema: HD hufikia GB 3 kwa saa, na mtandao ukilegea giza ndilo huharibika kwanza, linagawanyika miraba miraba. Spika za runinga humeza minong'ono na kukuza milipuko, kwa hiyo tafuteni hali ya sauti ya usiku kwenye mipangilio.

Uingereza iliiwekea umri wa miaka 15, na huo ni mpaka wa haki. Mdogo zaidi asikae. Kuna panya, miili inayoelea mtoni, na kifo kimoja cha polepole mno kinachoumiza kuliko milipuko yote.

Ina udhaifu. Nusu ya pili bahati inamwokoa Schofield mara nyingi kupita kiasi, na Wajerumani karibu wote ni wa kufyatua risasi na kukosa. Nyuso maarufu, Colin Firth na Benedict Cumberbatch, zinatokea kidogo na kumtoa mtu kwenye kisa.

Kwa familia za kwetu kuna la kuongeza baada ya filamu. Oktoba mwaka huo huo wa 1917, askari wa Kiafrika wa jeshi la Uingereza na wa jeshi la Ujerumani walipigana vikali Mahiwa, Lindi, wakati wapagazi wakibeba vyakula na risasi kwa vichwa. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ni ya Vita hivyo vya Kwanza vya Dunia. Kijana anayepita hapo kila siku ana haki ya kujua kwamba vita hivyo havikuwa vya Ufaransa peke yake.

Epukeni toleo lililotafsiriwa na DJ. Kwenye filamu za mapigano linachangamsha, ila hapa ukimya hufanya nusu ya kazi, na sauti ya DJ huufunika. Kama bibi hafuati Kiingereza, mmoja amsimulie kisa kwa dakika mbili kabla ya kuanza; mazungumzo ni machache, atafuata kwa macho.