Uzoefu wangu: safari ya siku moja ya kuongozwa kutoka Madrid kwenda Toledo

Safari za siku moja za kwenda Toledo huuzwa kila kona ya katikati ya Madrid, na matangazo yake yanafanana: mji wa mawe juu ya kilima, mto Tajo umeuzunguka pande tatu, na chini yake bei. Ukichagua kwa bei au kwa picha utakosea. Cha kuangalia ni saa ngapi utatembea kwa miguu ndani ya kuta za mji, na ni nani atakayekueleza unachokiona. Nimezijaribu za nusu siku, za siku nzima, na zile zinazounganisha Toledo na Segovia. Ninayoipendekeza ni moja tu: siku nzima, Toledo peke yake, tiketi ya kanisa kuu ikiwa ndani ya bei.

Hesabu iko hivi. Kutoka Madrid hadi Toledo ni kilomita kama 70 kuelekea kusini. Basi hutumia saa moja barabara ikiwa wazi, na foleni ya Madrid asubuhi au jioni huongeza dakika 20 hata 30. Safari ya nusu siku huwa saa tano tangu kukusanyika hadi kushuka. Toa saa mbili na robo za barabarani, dakika 20 za kupiga picha ng'ambo ya mto, nusu saa ya karakana ya vito na panga, na robo saa ya kupanda mjini kutoka maegesho ya mabasi. Unabaki na saa moja na dakika 40 kwa mji uliojengwa na watu wa dini tatu kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwa muda huo kanisa kuu utaliona kuta zake za nje tu. Safari ya siku nzima inayoondoka saa tatu asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, ukiikata vilevile, hukuachia zaidi ya saa tano.

Ile ya kuunganisha Toledo na Segovia siku moja ndiyo siipendekezi kabisa. Toledo iko kusini ya Madrid, Segovia iko kaskazini magharibi, kiasi cha kilomita 90. Zungusha yote na unafikisha zaidi ya kilomita 300, yaani saa nne au zaidi za kukaa kitini. Miji yote miwili inastahili siku yake. Anayeuza safari hiyo anauza orodha ya majina.

Kabla ya kulipa, soma maelezo ya tiketi neno kwa neno. Maneno kama "matembezi ya mandhari" yanamaanisha hamwingii popote: kiongozi atasimama mbele ya mlango, ataeleza, mtasonga. Kuingia kanisa kuu peke yako hugharimu zaidi ya yuro 10, kwa hiyo safari inayoonekana rahisi mara nyingi ni ile ile, imetolewa tiketi hiyo. Uliza pia lugha. Safari ya lugha moja na ya lugha mbili hazilingani hata kidogo, kwa sababu kwenye ya lugha mbili kila maelezo husemwa mara mbili, na nusu ya muda wako wote unausubiri upande wa pili umalize. Kuongeza yuro chache kwa kundi la lugha moja ni matumizi mazuri kuliko kulipia chakula cha mchana cha kundi.

Kuhusu kiongozi mwenyewe: anayewapokea Madrid na kuwahesabu kwenye basi si lazima awe ndiye anayeujua mji. Makampuni mengi humtumia mtu mmoja kwa safari na mwingine, mwenye kibali cha kuongoza watalii, kwa mji. Huo ni utaratibu mzuri, usiuogope. Wasiwasi uje pale ambapo mtu mmoja anafanya yote na maelezo yake kwenye basi ni tarehe za wafalme tu. Kundi likizidi watu 20, visikilizio vya masikioni ni lazima. Mitaa ya Toledo ni myembamba kiasi kwamba kundi hujipanga mstari mrefu, na aliye nyuma hasikii kitu. Hata hivyo vifaa hivyo hukatika mara kiongozi anapokata kona, kwa kuwa kuta za mawe zinazuia mawimbi. Tembea katika theluthi ya mbele ya kundi. Kijaribu kifaa chako ukiwa bado kwenye basi, si mkishafika kwenye lango la kanisa.

Kituo cha kwanza kwa kawaida ni Mirador del Valle, ng'ambo ya mto upande wa kusini. Mji wote uko mbele yako: kasri la Alcázar kulia, mnara wa kanisa kuu katikati, na jua liko nyuma yako karibu siku nzima, kwa hiyo picha hazina shida. Dakika 15 zinatosha.

Karakana hufuata, na hapa inafaa kuelewa mambo yanavyokwenda. Toledo ni maarufu kwa ufundi wa kupachika nyuzi za dhahabu kwenye chuma. Fundi huukwaruza uso wa chuma kwa ncha kali hadi uwe na michirizi midogo sana, hulaza uzi wa dhahabu juu yake, huugonga kwa nyundo ndogo mpaka ushike, kisha chuma huchemshwa kwenye dawa hadi kiwe cheusi na dhahabu ing'ae. Kazi ya mkono ina mistari isiyolingana kabisa ukiitazama kwa karibu, na mara nyingi ina sahihi ya fundi. Ya mashine imepigwa chapa: maua yote ni sawasawa, bei yake ni sehemu ndogo tu, na duka hilo hilo huuza zote mbili kwenye rafu zinazokaribiana. Kituo hiki kimo kwenye ratiba kwa sababu mauzo yake husaidia kushusha bei ya safari. Sioni ubaya kwa hilo mradi kisipite nusu saa. Tazama fundi akifanya kazi, na kama hununui, toka ukasubiri nje, hakuna atakayekuzuia.

Kupanda mjini si taabu tena kama zamani. Mabasi ya watalii mengi huegesha Safont, chini ya mji upande wa kaskazini mashariki, na kutoka hapo ngazi za umeme zinakupandisha hadi karibu na uwanja wa Zocodover. Kuna ngazi nyingine za umeme upande wa Recaredo, magharibi ya lango la Bisagra. Ukishafika juu lakini, hakuna msaada: mitaa ni ya mawe ya mtoni yaliyopangwa, inapanda na kushuka, na mvua ikinyesha huteleza. Viatu vya soli laini na bapa vitakuumiza. Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo hukwama, mbeleko ni bora. Anayetumia kiti cha magurudumu atafute safari binafsi yenye njia iliyopangwa, kwa kuwa kundi la kawaida halitamsubiri.

Kanisa kuu ndilo linalohalalisha gharama ya kiongozi. Ujenzi ulianza 1226, mahali palipokuwa na msikiti mkuu wa mji, na ukakamilika 1493. Mwenye kijitabu peke yake huzunguka nusu saa na kutoka akiwa amechoka, maana vitu ni vingi na havijipangi. Kiongozi mzuri hukuchagulia vitu vinne vitano. Kwanza viti vya chini vya kwaya, vilivyochongwa mwishoni mwa karne ya 15 vikionyesha vita vya wafalme Wakristo vya kuiteka Granada, dola ya mwisho ya Waislamu nchini Hispania, mji kwa mji, wakati vita hivyo vikiwa bado habari mpya. Vitazame kwa karibu, kila kiti kina ngome yake na watu wake. Halafu Transparente, pambo kubwa la mawe nyuma ya altare kuu, kazi ya Narciso Tomé iliyokamilika 1732: ili mwanga ufike nyuma ya altare, mafundi walitoboa dari la zama za kati na kulijaza tundu hilo malaika wa mawe. Siku ya jua kali utaelewa kwa nini walithubutu. Katika sakristia kuna picha ya mchoraji El Greco ya Yesu akivuliwa nguo, iliyochorwa 1577 hadi 1579. Katika hazina kuna mnara wa fedha uliofunikwa dhahabu wa Enrique de Arfe, unaopita mita 2 kwa urefu, ambao hutolewa na kupitishwa mitaani siku ya Corpus Christi, sikukuu ya Kikatoliki ya Mwili wa Kristo. Safari isiyokupa angalau saa moja na robo humu ndani haijakupa kanisa hili.

Jumapili asubuhi kanisa halipokei watalii kwa sababu ya ibada, hufunguliwa saa nane mchana. Jumatatu jumba la makumbusho la Wayahudi, lililomo katika sinagogi la El Tránsito, hufungwa, na vilevile jumba la El Greco na lile la jeshi ndani ya Alcázar. Kwa hiyo siku bora ni Jumanne hadi Alhamisi. Jumamosi kila kitu kiko wazi, ila watu wamejaa. Wiki ya Corpus Christi, ambayo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Mei au Juni, mitaa hufunikwa vitambaa juu na mji unapendeza mno, lakini njia za kawaida hufungwa na ratiba ya kundi huvurugika. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 mara nyingi. Chukua safari ya mapema kabisa na ubebe maji.

Mtaa wa Wayahudi uko magharibi. Mwombe kiongozi, kama muda upo, aingie El Tránsito badala ya kusimulia akiwa nje. Samuel ha-Levi, mtunza hazina wa mfalme Pedro wa Kwanza, alilijenga katikati ya karne ya 14, na plasta ya kuta zake ina maandishi ya Kiebrania pamoja na ya Kiarabu. Kwa anayesoma herufi za Kiarabu ni mahali pa kusimama muda mrefu. Santa María la Blanca, hatua chache kutoka hapo, ni sinagogi la kale zaidi, nguzo nyeupe na matao ya umbo la kiatu cha farasi, baadaye likafanywa kanisa. Santo Tomé ni chumba kidogo cha kanisa chenye picha moja, mazishi ya bwana wa Orgaz, ambayo El Greco aliimaliza 1588. Bado iko pale pale ilipochorewa, juu ya kaburi. Kupiga picha hairuhusiwi, na makundi hupishana kwa zamu ya dakika chache. Ukitaka kuitazama kwa utulivu, rudi wakati wa chakula cha mchana.

Kinachonisikitisha kwenye safari karibu zote ni kuachwa kwa msikiti wa Bab al-Mardum, unaoitwa leo Cristo de la Luz. Uko kaskazini, nje ya njia ya makundi, dakika zisizozidi kumi kutoka Zocodover. Ni mdogo, kama mita 8 kwa 8, una kuba tisa na kila moja imefumwa mbavu zake kivyake. Kwenye ukuta wa mbele kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyotengenezwa kwa matofali yenyewe, yanayotaja Muharram 390 Hijria, yaani mwisho wa 999. Wakristo walipouteka mji 1085 hawakuubomoa, waliuongezea sehemu ya ibada nyuma. Muda wako huru uutumie hapa.

Ukipanga kuingia sehemu kadhaa peke yako, kuna bangili ya watalii inayofungua milango saba, miongoni mwake Santo Tomé, Santa María la Blanca, monasteri ya San Juan de los Reyes na msikiti huo. Kanisa kuu na El Tránsito hazimo. Inalipa kuanzia sehemu ya nne, chini ya hapo nunua tiketi moja moja. Usiivue, ikikatika haina kazi.

Chakula cha kundi kikatae. Jikoni za migahawa ya Hispania huchelewa kuwaka, na kabla ya saa saba na nusu mchana utapata vitafunio tu, kwa hiyo kundi linalolishwa saa sita limepangiwa ukumbi wa watalii. Kumbuka kuwa carcamusas, mchuzi wa nyama maarufu wa mji, ni wa nguruwe. Vitamu vya lozi vya Toledo vyenye alama rasmi vinatakiwa kuwa na lozi angalau nusu ya uzito. Tafuta alama hiyo kwenye boksi.

Asiyehitaji maelezo ya kanisa kuu aende mwenyewe: treni ya kasi kutoka stesheni ya Atocha, Madrid, hutumia dakika kama 33, na viti ni vya namba, hivyo nunua ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, hasa wikiendi. Mabasi ya kawaida huondokea kituo cha Plaza Elíptica, Madrid.

Na kwa wanaobaki na kundi: baadhi ya safari hushusha Safont na kupakia upande wa daraja la San Martín, mwisho mwingine wa mji. Kutoka Zocodover hadi hapo weka nusu saa. Piga picha ya mahali pa kukutania na uandike namba ya basi kabla kundi halijatawanyika, kwa sababu saa ya kuondoka mabasi ya rangi moja huwa yamepanga mstari, na dereva hasubiri zaidi ya dakika kumi.